Ngozi Inayokumbuka Piko

Mwanabaraka hajui kutulia. Namjua tangu tukisoma madrasa moja, na mlango wake hapa Kibokoni unatazamana na wangu, kichochoro chembamba tu katikati. Nikifungua dirisha naona anapika nini. Chai huinywa amesimama. Simu huiongea akipanda na kushuka ngazi. Ukimkaribisha kiti hukaa ukingoni, na kabla hujamaliza kummiminia kahawa ashainuka kukupangia vyombo ambavyo hukumwomba avipange. Mimi mwenyewe subira si fungu langu, lakini nikiwa na Mwanabaraka najiona mtu mpole.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamweka chini, nacho ni mkono wa mtu. Mpe mkono wa bi arusi na kijiti cha ukuti, atakaa tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, mgongo umeinama, haulizi maji wala habari za watu. Zipo nyumba za Mji wa Kale ambazo hazikubali bi arusi wao aguswe na mpakaji mwingine. Kwetu bi arusi hupakwa hina kwanza, tabaka juu ya tabaka kwa siku kadhaa mpaka wekundu ukolee, halafu mwisho maua yale huzungushiwa piko, ile rangi nyeusi, yapate kuonekana hata na aliyekaa nyuma kabisa siku ya kupamba, bi arusi anapoketishwa jukwaani kutazamwa na wanawake. Hina ni majani ya mhina. Piko ya siku hizi ni unga wa kutia nywele weusi, unaokorogwa kwenye kibakuli. Kila mtu alijua hivyo na hakuna aliyekuwa na neno.

Idd ikifika, piko inayobaki Mwanabaraka haimwagi. Huketi barazani, watoto wa kike wa mtaa wakapanga foleni, kila mmoja akatiwa ua moja kwenye kifundo cha mkono, bure. "Thawabu zangu hizo," husema. "Msinilipe mkaniharibia." Mwanangu Nuswaiba hajawahi kukosa.

Mwaka jana, Idd Ndogo ilipopita, Mwanabaraka alianza kuvaa glovu nyeusi. Mtaa ukafurahi, ukasema mama ameshika dini. Mimi sikusadiki. Aliyeshika dini huanza na ulimi, na ulimi wake ulikuwa pale pale. Kisha nikaona sufuria zake zinalala hazijaoshwa, mtu ambaye huosha kikombe ungali unakunywa. Nikavuka kichochoro nikaingia bila hodi.

Nilimkuta jikoni amezamisha mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya barafu.

"Funga mlango!" akaniambia. "Funga, na usinitolee mato."

Katikati ya vidole palijaa malengelenge, mengine yamepasuka yanatoa maji. Ncha za vidole zilikuwa ngumu na zimefanya nyufa. Nilitaka kulia, na badala yake nikagomba, kwa kuwa ndivyo nilivyo.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na wapaka watu kwa mikono hiyo?"

"Navaa glovu za mpira. Nawe ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

Nilielewa anachoogopa. Mpakaji ni mikono. Bi arusi akiona vidole vile hatatoa mkono wake, na mama yake atakwenda kusema nyumba ya pili kwamba Mwanabaraka ana ukoma. Alikuwa ameacha pweza na kamba, amebadilisha sabuni, amesomewa, amekunywa kombe, maji ya aya zilizoandikwa, alilopewa na mwalimu, maana aliamini ni jicho la watu. Kwa hayo simlaumu, dua haina hasara. Lakini alichofanya baadaye kilinitoa akili. Malengelenge yalipokauka yakaacha mabaka, aliyafunika kwa maua ya piko. Yakawasha zaidi. Akaongeza maua. Maisha yake yote kazi yake ni kuficha kasoro za mikono ya wenzake, na ya kwake aliifanyia vivyo hivyo.

"Kesho twenda hospitali," nikamwambia.

"Kesho n'na kazi."

"Kesho twenda, au napiga kelele hapa dirishani mtaa mzima ujue."

Daktari wa ngozi, Mwikali, ana chumba chake upande wa Mbaraki, mwanamke kijana wa Kikamba asiyecheka ovyo. Aliitazama mikono, akauliza kazi yake, akauliza kama hutia nywele rangi. Kisha akambandika mgongoni vibandiko vidogo, kila kimoja na kitu chake ndani, akamwambia asilowanishe mgongo na arudi keshokutwa.

"Keshokutwa? Hapana cha kuonekana leo?"

"Leo hakuna kitakachoonekana, mama."

Nilikoma. Siku iliyofuata alikuja kwangu asubuhi nimtazame mgongo, akaja adhuhuri, akaja tena alasiri nikiwa na unga mikononi. Pembeni mwa vibandiko hapakuwa na kitu. "Ushaona?" akasema, uso umekunjuka. "Si piko. Nilikwambia si piko." Akarudi kwake anaimba. Lakini kesho yake, tukiwa tunavuka barabara kurudi Mbaraki, niliona mkono wake unapinda nyuma unatafuta mgongo, anaushusha, unarudi tena.

Mwikali alibandua. Chini ya kibandiko kimoja palikuwa na duara jekundu lililofura, lina vilengelenge vidogo. Pengine pote ngozi ilikuwa safi, hata pale palipowekwa hina ya majani. Duara lile lilikuwa la rangi ya nywele.

"Haiwezi kuwa," Mwanabaraka akasema. "Piko naishika tangu siyaolewa. Leo ndo yanidhuru?"

Mwikali akavuta kiti akatueleza. Mwilini zimo seli za kinga, zinazunguka na damu, na juu ya ganda la kila moja mna vipokezi, vijisehemu vya kushikia. Seli moja ina vipokezi vya umbo moja tu, jirani yake umbo jingine, hivyo hivyo mamilioni kwa mamilioni. Maumbo hayo hayakunakiliwa kutoka kwa kitu chochote. Mwili huyatunga kwa kubahatisha, kabla haujakutana na ugonjwa wala rangi.

"Ni kama fundi anayeshona kanzu za kila kipimo kabla mteja hajaingia dukani," akasema. "Nyembamba, pana, ya mtu mwenye kibyongo. Halafu anangoja aone nani atakuja."

"Huyo fundi atafilisika," Mwanabaraka akasema.

"Kanzu nyingi hazipati mtu, ni kweli. Seli nyingi hufa bila kukutana na cha kwao. Lakini akiingia mteja ambaye kanzu moja inamkaa sawasawa, fundi huacha kazi nyingine zote, akaishona ile ile kwa maelfu."

"Na piko ndiye mteja."

"Piko peke yake ni ndogo mno, hakuna kipokezi cha seli hizi kinachoishika. Inapenya ngozi, inajibandika kwenye protini za mwili wako mwenyewe. Ngozini mna seli nyingine za ulinzi. Hizo huchukua kipande cha protini iliyobandikwa, hukipeleka hadi kwenye tezi za kwapani, zile ambazo zikivimba husema una mtoki, na huko hukionyesha kwa kila seli inayopita. Nyingi hupita tu. Siku moja inapita yenye kipokezi kinacholingana nacho. Inashika, inaamka, inaanza kuzaliana."

"Kwa hiyo yaiona piko."

"Inauona mwili wako, mama, uliotiwa piko. Kwake huo si mwili wako tena, na inaupiga."

Mwanabaraka alikuwa ameshasimama, anakwenda dirishani na kurudi.

"Mbona basi haikuniwasha siku ile ile? Nyuki akikuuma wayua papo hapo."

"Nyuki ana njia nyingine. Hii ni ya polepole. Mara ya kwanza mtu anaweza asihisi kitu, ndipo seli zinazaliana. Nyingine hubaki, zikiwa na kumbukumbu. Ukigusa tena, hizo ndizo zinazokuja kwenye ngozi, zinaita wenzao, na mpaka uone uvimbe ni siku nzima, ni mbili, pengine zaidi."

"Zitasahau lini?"

"Usitegemee zisahau. Ngozi yako itapona ukiacha kabisa. Ukiigusa tena, yatarudi, na huenda yakarudi vibaya zaidi. Na zile glovu nyembamba za mpira, rangi hii inazipenya."

Mwanabaraka akasimama katikati ya chumba. "Mtoto je? Mtoto mdogo, katiwa mara moya, ua moya tu?"

"Wengi hawapati lolote. Lakini yupo ambaye mara moja inamtosha, na hatajua mpaka atiwe tena akiwa mkubwa. Kuna mtoto unayemfikiria?"

Mwanabaraka akachukua mkoba wake. Tulishuka ngazi, tukatoka nje kwenye kelele za malori, na pale kando ya barabara alisimama wima kama mtu aliyesahau njia.

"Lamis," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshafikiria Nuswaiba. Sikulitamka jina la mwanangu, kwa kuwa nilijua nikilitamka nitamrarua mbele za watu. Nilimshika mkono wa buibui nikamvuta tuvuke.

Lamis ni binti wa kaka yake, Muhdhar, na alikuwa bi arusi wa wiki ile ile. Nikaha Ijumaa, kupamba Jumamosi. Hina tabaka za kwanza Mwanabaraka alishampaka. Iliyobaki ilikuwa piko, Alhamisi baada ya alasiri. Na Lamis alipokuwa mdogo, wa kuvaa kigauni, Idd moja ua lake la piko lilifura likamwasha, likaacha alama nyeupe ambayo ilichukua miezi kuondoka. Watu walisema siafu. Tangu hapo mama yake hakumtia tena piko, si kwa kuogopa, ni kwamba kwao msichana akikua hangoji foleni barazani, hungoja arusi yake.

Mwikali alikuwa amesema aliye na mashaka aletwe. Lakini bi arusi alikuwa amewekwa ndani, anasuguliwa singo ya manukato na kupakwa liwa, ule msandali uliosagwa, na Mama Lamis asingemtoa nje hata kwa dawa. Na kumwambia sababu kungekuwa kumwonyesha mikono. Hapo ndipo Mwanabaraka aliposhindwa. Jioni ile ile, siku ya Jumanne, alikwenda kwa wifi yake, akasema unga wa piko alionunua ni mpya hauamini, akamtia Lamis nukta nyuma ya sikio, ndogo kama punje ya mtama. Kama angemwuliza daktari, daktari angemkataza. Hakumwuliza.

Jumatano asubuhi wakatazama, hakuna kitu. Jumatano jioni, hakuna kitu.

"Basi, wifi," Mama Lamis akasema, "unga wako mzima. Kesho uje mapema."

"Bado. N'ngojee hadi Ijumaa."

"Ijumaa ni nikaha!"

"Basi mwache na nyekundu tupu. Nyekundu yapendeza."

Mama Lamis akaiweka chini trei aliyoishika. Nilikuwepo, nilimwona anavyokusanya maneno. Ni lazima niseme hapa kwamba mwaka uliotangulia Mwanabaraka alimposa Lamis kwa mwanawe Hussam, akakataliwa, kwa adabu lakini akakataliwa. Jambo lile lilizikwa, watu wakaendelea kula pamoja. Halikuwa limekufa.

"Nyekundu tupu kama mtoto anayekwenda kisomo cha hitima," Mama Lamis akasema. "Watu wa upande wa pili waje wamcheke. Sema tu, wifi. Sema hujalitoa moyoni lile la Hussam."

Nilingoja Mwanabaraka ajitetee. Akaikunja mikono yake yenye glovu kifuani, akatoka.

Alhamisi tukasikia ameitwa Purity, msichana wa saluni huko Mwembe Tayari, mtu wa bara ya Kilifi, mkono wake mwepesi na sina haja ya kumnyima sifa yake. Tangu adhuhuri Mwanabaraka alivuka kichochoro, akarudi, akavuka tena. Aliingia kwangu akapanga viatu vya mlangoni. Akatoka. Akaja akaanua nguo zangu ambazo hazijakauka.

"Nikenda nikasema, kazi yangu imekwisha," akasema, nguo mbichi mikononi.

"Na usipokwenda?"

"Na kama hana kitu? Kama n'taivua mikono hii mbele ya watu wote, na mtoto mzima?"

"Siyui," nikamwambia, na kweli sikujua. Nilimchukia kwa kuniuliza. Nilimchukia tangu Jumanne, kila nikimwogesha Nuswaiba nikaona vile vifundo vya mikono, na papo hapo nilimhurumia, na vitu viwili hivyo havikai pamoja kifuani mwa mtu asiyejua kungoja. "Ila wewe ukikaa hapa nitakufukuza. Nguo zangu ziache kambani."

Akavaa buibui. Nikamfuata.

Nyumba ya Muhdhar iko Kuze, ghorofa ya pili, na vigelegele tulivisikia tangu ngazini. Sebule ilijaa wanawake na moshi wa udi. Lamis aliketi katikati juu ya godoro, amepakwa liwa usoni na shingoni hadi amekuwa manjano, macho chini, kama bi arusi anavyotakiwa. Purity amepiga magoti mbele yake, mkono wa Lamis umewekwa juu ya mto, koni ya piko imeshakatwa ncha.

"Usimtie," Mwanabaraka akasema.

Nyimbo zikakatika. Mama Lamis akainuka polepole. "Wifi, umesusa kumpaka, nimestahi. Sasa waja kumzuia na mwenzio? Mbele ya watu? Mtoto hakuandikiwa Hussam, na aliyeandika ni Mungu."

"Si Hussam."

"Ni n'ni basi?"

Mwanabaraka alianza na glovu ya kulia. Ilikuwa imenata, ikabidi aivue kidole kwa kidole, na chumba kizima kikawa kinangoja kile kidole cha mwisho. Akavua ya kushoto. Akanyosha mikono yote miwili mbele yake, kama wanavyonyosha wanaotaka kupakwa.

Mtu mmoja nyuma akasema audhubillahi. Wengi wa wanawake wale walitoka kwao siku ya arusi na maua ya mikono ile. Niliona mmoja anamvuta bintiye nyuma ya mgongo wake.

"Ni piko," Mwanabaraka akasema, sauti nyembamba sijawahi kuisikia. "Si jicho, si ukoma. Ni hiyo hiyo aliyoishika binti huyu, na ndo hiyo hiyo ninayowatia mimi. Mwili wangu umeiyua, na ukishaiyua hauiwati, hausahau. Na n'naogopa wa Lamis uliiyua kabla ya wangu."

"Wewe mwenyewe ulimjaribu!" Mama Lamis akasema. "Jumanne! Tukamtazama, hana kitu!"

"Mulimtazama lini?"

"Jana."

"Leo je?"

Leo Lamis alikuwa amefunikwa liwa tangu asubuhi.

Ndipo Lamis alipoinua uso. Bi arusi haongei siku ile, na ile liwa iliyokauka ilipasuka pembeni mwa mdomo wake alipofungua kinywa. "Pananiwasha, shangazi. Tangu asubuhi pananiwasha."

"Na mbona husemi?" mama yake akapiga kelele.

"Mwaniambia bi arusi hasemi."

Mama Lamis akachovya ncha ya leso kwenye maji, akafuta liwa nyuma ya sikio. Nilikuwa karibu nikaona. Ile nukta ya punje ya mtama imekuwa duara kubwa la shilingi, jekundu, limejaa vilengelenge, na sikio lenyewe limefura limesukumwa mbele. Mama Lamis aliangalia pale, akaiangalia mikono ya binti yake na miguu yake, maua yote yale yaliyongoja kuzungushiwa, akakaa chini sakafuni bila kutafuta mkeka.

Purity akaifunga koni kwa gundi. Kisha akazitazama ncha za vidole vyake mwenyewe, akaficha mkono ndani ya dera.

"Aliipata wapi?" Mama Lamis akauliza. "Hajatiwa piko huyu. Hajawahi kutiwa piko ila..."

"Barazani kwangu," Mwanabaraka akasema. "Idd ile. Nilimtia mimi. Hawa wote wa mtaani nawatia mimi."

Chumba kilielewa. Mmoja akauliza, wa kwangu je? Mwingine akauliza, na mimi nina mimba, je? Mwanabaraka aliwaambia alichoambiwa, kwamba wengi hawapati neno, kwamba aliyepata haijui mpaka aguswe tena, wasitie piko na wasitie nywele rangi hiyo, na mwenye wasiwasi aende kwa daktari asijijaribie nyumbani kama alivyofanya yeye. Kwa kila swali jingine alijibu siyui. Nimemjua tangu utotoni na sijawahi kumsikia akisema siyui mara nyingi hivyo.

Kisha akaomba hina. Akavaa glovu mpya, akaketi mbele ya Lamis, akaanza kuongeza nyekundu juu ya nyekundu, akainenepesha mistari pale ambapo weusi ungepita. Mama Lamis aliushika mto. Hawakusema neno wao kwa wao, ila mmoja akihitaji ndimu ya kulowanisha, mwenziwe alikuwa ameshaikamua. Lamis alipendeza. Nasema kweli, alipendeza, na Jumamosi hakuna wa upande wa pili aliyecheka.

Lakini ilikuwa bado Alhamisi. Bi arusi akimalizika, hina iliyobaki ni ya wageni. Huwa wanagombania nani aanze. Mwanabaraka akafuta kijiti chake, akageuza mto upande mkavu, akatazama watu. Mmoja akakumbuka aliacha mchele motoni. Mwingine akasema mume wake anamngoja pale chini. Viatu vikawa vinatafutwa mlangoni, kwa sauti za chini, na mikono yote ilikuwa ndani ya mabuibui. Hakuna aliyemwambia kitu kibaya. Walimuaga vizuri.

Mwanabaraka hakuinuka. Alikaa pale na mto mtupu mbele yake, ametulia tuli, na kutulia kule ndiko kulikonitisha. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa nayo bado, ya kweli, nzito, ya mama. Nikakunja mkono wa buibui, nikaketi mbele yake, nikauweka mkono wangu juu ya mto.

"Nyekundu tupu," nikamwambia. "Ukinitia nyeusi nakung'oa hayo mato."

Hakucheka. Alikishika kijiti juu ya mkono wangu, hakukishusha.

"Nuswaiba naye nilimtia," akasema. "Kila Idd."

"Nayua," nikasema. "Hebu paka."